Kitanda cha Karibu na Mlango

Kama daktari alikuambia juzi lile neno na tangu siku hiyo hulali, kaa hapa kidogo nikuambie. Mimi sijafa. Nilitangazwa, nikaliliwa, viti vyangu vikatolewa nje ya nyumba, na bado ndiyo mimi ninakuandikia. Ila kuna mtu alikufa, na alikufa mahali pangu. Mwili unakatwa na unapona, nywele zinarudi, hayo nitakueleza. Lakini hilo lingine bado ninaishi nalo, na sitaki kukudanganya kwamba limeisha.

Jina langu la sokoni ni Mama Brenda. Ninauza mahindi, maharagwe na njahi, zile kunde nyeusi, hapa Nakuru, kwenye meza ileile aliyouzia mama yangu. Babu alitoka Bungoma akifuata kazi ya reli, akabaki, akazaa watu wenye mdomo, na mdomo wenyewe naona niliurithi wote mimi. Kanisani nilikuwa mtu wa jikoni. Kwetu mtu akifa, kabla mchungaji hajafika sisi akina mama tumeshafika. Tunatoa viti sebuleni, tunapanga mabenchi, tunawasha moto, na mwenye msiba haulizwi hata chumvi iko wapi. Na hatungoji kuambiwa mara mbili, maana anayechelewa kufika ndiye atakayesemwa mwaka mzima. Nimepika kwenye matanga mengi, na siku zote nilikuwa upande wa sufuria.

Uvimbe niliupata nikioga, titi la kushoto, wakati watu wanapanda mahindi. Nilikaa kwenye benchi za kliniki mvua yote ile ya masika. Benchi ya kliniki ni shule. Unajifunza kubeba sweta hata kama jua linawaka, maana hujui utaitwa saa ngapi. Unajifunza kwamba mtu akitoka kwa daktari haulizwi kitu, anasogezewa nafasi tu akae. Siku nilipoambiwa langu, mzee mmoja nisiyemjua alisogea, akanipa ndimu nusu, akaniambia niinuse. Sijui alijuaje kwamba nataka kutapika. Beba ndimu.

Kemo ya kwanza, ile dawa ya mshipani, niliipata watu wakipalilia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu, kumbe kilichoniumiza ni chai. Chai ikawa na ladha ya msumari. Mimi ninayependa chakula hivi, nilianza kukimbia harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu. Nywele zilianza kubaki kwenye mto, na Brenda, binti yangu, akanyoa zilizobaki huku akinitania kwamba nina kichwa kizuri, afadhali sasa kinaonekana. Kucha zikawa nyeusi. Wateja sokoni wakaanza kupokea chenji kwa ncha za vidole, kana kwamba saratani inarukia mtu.

Mume wangu, Wekesa, anafanya kazi Olkaria kwenye mabomba ya mvuke, anarudi nyumbani wikendi. Alianza kulala kwenye sofa, ati asinisumbue. Aliingia chumbani akiangalia dirisha, akatoka akiangalia dirisha. Dada yake, wifi yangu Nanjala, alikuja kunisaidia, na kusema kweli alinipikia vizuri na kuniongelesha vibaya. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna mtu niliyemkosea. Nilimwambia ni wengi, aanze na yeye.

Baada ya kemo ya tatu damu ikashuka na homa ikapanda, nikalazwa. Ilikuwa Julai, na kama unajua Nakuru unajua Julai yetu, baridi inateremka kutoka mlima wa Menengai inakuja kukutafuta wewe binafsi. Niliwekwa wadi ya akina mama, kitanda cha karibu na mlango. Mlango wenyewe haukuwa unafunga vizuri. Kila mtu aliyepita aliingiza upepo, na ule upepo ulikuja moja kwa moja kwenye kichwa changu kisicho na nywele.

Kitanda cha kona, mbali na mlango, palipokuwa na jua la mchana, kilikuwa cha Mama Chebet. Alikuwa mama wa miaka kama sitini, mrefu, mkavu, kutoka Kuresoi kule juu kwa viazi, na ugonjwa wake ulikuwa tumboni. Huyu mama hakuwa anajua kulala. Aliinuka na dripu yake, akakokota ile stendi yenye magurudumu, kwirr, kwirr, akaenda kwa kila kitanda. Mwenye kutapika alimshikia beseni, akimaliza anamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe. Msichana aliyekuwa hasemi na mtu alikaa naye, hakumhubiria, alimkata kucha tu. Uji ukija anagawa, anabaki wa mwisho, na mara nyingine alikuta sufuria imeisha akasema hata hakuwa na njaa.

Mimi watu wazuri sana hunichosha. Nilimwambia, mama, si hata wewe ni mgonjwa, lala basi, unatuaibisha. Alicheka, akasema akilala anaanza kufikiria. Nikamuuliza anafikiria nini. Akaketi kwenye kitanda changu, akaniambia kwamba mumewe alishatangulia, kwamba na shemeji yake hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na binti yake wa pekee, huyo Chebet, simu yake haishiki miaka sasa. Kufa hakukuwa kunamsumbua. Kilichomsumbua ni kulala mochari bila mtu wa kuja kumuulizia, mpaka kaunti imzike pamoja na wale wasiojulikana.

"Mimi nimezika watu wengi, Mama Brenda," akaniambia. "Sijui nani atakuja kwangu."

Nilimjibu kwa mzaha kwamba nitakuja mimi, nipike, mradi aache kunishinda kwa wema. Alinishika mkono, akazisugua hizo kucha zangu nyeusi kama mtu anayesafisha kijiko. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Siku hiyo mchana nikamwona anakokota stendi yake akiwa amebeba mfuko wake na blanketi, akaviweka kwenye kitanda changu.

"Nenda kule kwa kona," akasema. "Kuna joto."

Nilikataa mara moja, kwa mdomo tu. Mwili wangu ulikuwa umeshainuka. Sista wa zamu alinung'unika kwamba mafaili yananing'inia kwenye vitanda na sisi tunacheza kubadilishana kama watoto wa bweni, kisha akayahamisha mafaili. Lile godoro lilikuwa bado lina joto lake. Nilijifunika, nikageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu nilazwe nikalala usingizi wa kweli. Hata asante sikumbuki kama nilisema vizuri.

Asubuhi nilipoamka, kitanda cha karibu na mlango kilikuwa kimezungushiwa pazia nusu, na shuka imevutwa hadi juu. Msichana wa zile kucha alikuwa analia. Mimi nilirudi nikageukia ukuta tena, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kugeukia.

Sasa, Jane wa kwaya alikuwa amenizoesha kuniletea uji kabla hajaenda kazini. Alifika mlangoni saa hiyohiyo. Alikijua kitanda changu, na aliona alichoona. Hakuuliza, kwani aulize nini? Akageuka na ule uji wake, akampigia simu Mama Njoroge, mwenyekiti wetu wa akina mama, na Mama Njoroge hajawahi kuchelewa msiba hata mmoja. Nimeshakuambia kawaida yetu. Hata mimi ningekuwa Jane ningepiga hiyo simu, tena ningekuwa nimeshafunga leso kiunoni.

Simu yangu ilikuwa kwa masista inachajiwa. Nilipoletewa, ilitetemeka mkononi bila kukoma. Nikasoma watu wakiniaga. Walikuwa wamekwisha kuweka picha yangu ya krismasi na mshumaa kando. Mteja mmoja, ambaye tumegombana naye kila msimu wa maharagwe, aliandika kwamba nilikuwa mama mpole. Hapo kidogo niamini kwamba kweli nimekufa. Usicheke, au cheka. Nilikuwa nasoma msiba, na maiti ilikuwa mita chache kutoka kwangu, na sikuwa na uhakika ni yupi kati yetu wanayemlilia.

Nikampigia Mama Njoroge. Akauliza kwa ukali ni nani anatumia simu ya marehemu. Nilipomjibu alipiga kelele, simu ikaanguka, na huko nyuma nikasikia sufuria zikigongana, nikazijua kwa sauti kwamba ni zangu. Walikuwa wameshatoa sofa nje. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa motoni. Nilimwomba anipe Brenda, na mimi na Brenda tulilia tu, mpaka mtu akamnyang'anya simu ili na wao wanisikie kama kweli ninapumua.

Wakaanza kuimba, kushukuru. Nikangoja. Kisha nikawaambia ni nani aliyekufa, na kwa nini alikuwa kwenye kitanda changu, na alichokuwa anaogopa. Sista alikuwa ameshapiga ile namba ya Chebet iliyo kwenye faili, haipatikani, na watu wa mochari walikuwa njiani.

"Msizime moto," nikamwambia Mama Njoroge. "Hayo matanga yangu mpelekeeni Mama Chebet."

Alikuwa na hoja, na zilikuwa za maana. Huyo mama si wetu, ana kanisa lake huko, ana ukoo wake, hatuwezi kuamka tu tukazike mtu wa watu. Tukiulizwa sisi ni nani kwake tutasema nini? Nilimwambia waseme ni watu waliokuwa tayari wamevaa leso. Halafu nikasikia mama mmoja nyuma anauliza, kwani Kuresoi msimu huu kuna viazi au hakuna, ili wajue wabebe nini. Nikajua wameenda.

Wekesa alikuwa ameambiwa akiwa kazini kwamba mkewe hayupo, akaondoka kabla habari ya pili haijamfikia. Aliingia wadini na buti za kazi zina matope, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha karibu na mlango. Kilikuwa kimeshatolewa shuka, limebaki godoro la plastiki. Alisimama pale ameshika kile chuma cha kitanda. Mimi nilikuwa kona, namwona.

"Wekesa," nikamwita.

Alinitazama. Miezi mitatu hakuwa amenitazama hivyo. Aliketi sakafuni kwanza, pale katikati ya wadi, watu wanamwona. Kisha akavua buti, akaja akapanda kitandani upande wa miguu, akaichukua miguu yangu iliyokuwa baridi akaiweka tumboni mwake chini ya koti. Sista alipita, akaona, akajifanya hajaona. Hakurudi kulala kwenye sofa tena.

Akina mama walipanda hadi Kuresoi, wakamtafuta yule shemeji. Kwanza alisema hana maneno na huyo mwanamke. Mama Njoroge, ambaye pia si haba kwa mdomo, alimwambia hawajaja kwa maneno, wamekuja na sufuria, awaonyeshe tu pa kuchimba. Akawaonyesha. Walimzika kwenye shamba lake, kando ya viazi vilivyokuwa vimekomaa, na wakavichimba vilevile wakavipika. Mimi nilikuwa na dripu mkononi. Brenda alinipigia, akashika simu juu, nikasikia nyimbo na upepo. Akaniambia watu ni wengi, mlima wote unateremka watu, wajane, vijana, wazee wanaokokota miguu, wote wanasema Mama Chebet aliwahi kuwafanyia hiki na kile. Kumbe walikuwepo. Hakuna aliyewaambia kwamba anaumwa, naye hakusema kwa sababu alizoea kuwa mwenye kwenda, si wa kuendewa. Mtu mmoja tu hakuwepo, na ni huyo Chebet ambaye mama aliitwa kwa jina lake.

Niliporudi nyumbani nilidhani nimetimiza ile ahadi. Nanjala akanionyesha sivyo. Akinikorogea uji, bila ubaya wowote, alisema kile kifo kilikuwa kimetumwa kwa kitanda cha mlangoni, kikafika kikakuta mwingine, kwa hivyo nimshukuru Mungu na ninyamaze. Nilimfukuza jikoni. Maneno yakabaki. Mchungaji alinieleza kwamba Mungu hahesabu vitanda. Daktari alinieleza kwamba yule mama alikuwa mgonjwa sana, kona au mlango ingekuwa vilevile. Ninawaamini wote wawili. Lakini wakati nimelala naisikia ile stendi, kwirr, kwirr, inakuja upande wangu, na ninajikuta nimesogea ukutani ili mtu apate nafasi.

Kemo zikaisha. Titi lilitolewa wakati wa kuvuna mahindi, na nilipofunguliwa bandeji Wekesa ndiye aliyetazama kwanza, akasema ni mshono mzuri, fundi amejitahidi. Nikachomwa miale hadi ngozi ikawa kama mkate uliosahaulika motoni. Kufikia Krismasi nilionja chai, na ilikuwa chai. Wewe unayeanza, ngojea hiyo siku, itakuja bila kupiga hodi.

Nilianza kwenda wadini, kila wiki, na beseni na ndimu. Nilidhani nimeelewa alichokuwa anafanya. Nilijitoa hadi Brenda akaanza kulalamika kwamba nyumbani nafika nikiwa nimebaki maganda. Sasa kuna swali ninalouliza kabla sijapokea kitu cha mtu au kutoa changu: nyumbani wamebaki na nini? Watu hushangaa. Nitakuambia nani alinifundisha.

Ilikuwa Februari, vumbi kila mahali. Nilisikia hodi, nikafungua. Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, mkavu, kijana. Alisema anaitwa Chebet. Miaka hii yote alikuwa Salgaa, hapo tu barabarani, anapikia madereva wa malori, na dereva mmoja wa Kuresoi alimpa pole ya mama yake akidhani anajua. Alikuwa amepanda hadi kwenye kaburi, akaelekezwa kwangu.

Nilimpa chai, nikamweleza kila kitu, na kitanda pia. Niliogopa kukieleza kitanda, lakini nilikieleza. Alisikiliza bila kulia. Kisha akasema ndiyo, huyo ndiye mama. Viazi vya kwanza kuchimbwa vilikuwa vya wajane. Maziwa yalikuwa ya mgonjwa wa jirani. Mgeni akija, blanketi lililotolewa lilikuwa la Chebet, kwa sababu mgeni halali na baridi, na Kuresoi kuna baridi. Kanisa lote lilisifu. Alikua akisikia mama yake akisifiwa na tumbo likimlia, na alipopata nguvu ya kuondoka aliondoka, akabadilisha laini ya simu.

Akakiweka kikombe chini.

"Wewe kwa nini hukukataa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema nilikataa. Ningeweza kumwambia mambo ya mchungaji na ya daktari.

"Nilikuwa nasikia baridi," nikasema.

Chebet alinitazama kwa macho yaleyale ya mama yake.

"Hata mimi nilikuwa nasikia baridi," akasema.

Nikakichukua kikombe chake, nikakijaza chai ya moto.